Fundi wa Mabanio Anajibu: Chumvi ya Mtoni Imetoka Shambani kwa Nani?

Toleo lililopita la kijarida hiki nilimalizia jibu langu kuhusu chumvi inayotoka mashambani na kuingia mtoni kwa maneno mawili, "punguzeni maji", nikaenda zangu kulala. Barua zilizofuata zimenionyesha kuwa maneno mawili hayatoshi. Wapo waliokasirika, wapo waliofurahi kabla ya wakati, na yupo mmoja aliyeharibikiwa shamba. Nimechagua tano. Za kugombea zamu ya maji nimeziweka pembeni. Nilifungua na kufunga mageti ya mifereji kwa miaka 31, na ugomvi wa zamu niliuacha kazini pamoja na buti.

Shikamoo Fundi. Sisi tuko mwisho kabisa wa mto. Zamani maharage yetu yalistawi kwa maji haya haya, sasa majani yanaungua pembeni kama yamepitishwa motoni. Wenzetu wa juu wanaapa hawajawahi kumwaga hata kijiko kimoja cha chumvi shambani. Mwongo ni nani? — Aliye Mkiani

Marahaba, ndugu yangu. Mwongo hayupo. Wenzako wanasema kweli, na majani yako nayo yanasema kweli.

Chukua mto ambao mtu yeyote angeuita mtamu, wenye miligramu 320 za chumvi kwa lita. Mkulima wa juu akimwagilia hekta moja kwa mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, jambo la kawaida kwenye nchi kavu, ameingiza shambani tani 3.2 za chumvi. Hayo ni magunia 64 ya kilo 50, na hajabeba hata moja mgongoni. Sasa mimea inakunywa, jua linakausha. Tuseme sehemu nane katika kumi za maji yale zimepanda hewani. Chumvi haipandi. Mzizi huvuta maji na kuiacha chumvi karibu yote mlangoni. Zinabaki mita za ujazo 2,000 zenye mzigo uleule wa tani 3.2, yaani miligramu 1,600 kwa lita, mara tano ya maji yalivyoingia. Maji hayo yanazama chini ya mizizi, yanatambaa polepole ardhini, na baada ya muda, pengine miaka, yanachomoza kwenye ukingo wa mto. Wewe ndiye unayeyapokea.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Ya pili inaniudhi zaidi, kwa sababu inaepukika. Chini ya mashamba mengine kuna miamba laini iliyofanyika kwenye matope ya bahari ya kale, na chumvi ya bahari ile bado imo ndani yake. Ikiachwa imelala, imelala. Maji ya ziada yakizama hadi huko, yanaiamsha na kuja nayo mtoni. Hapo shamba linatoa chumvi nyingi kuliko iliyoingia. Bonde la Grand Valley katika jimbo la Colorado, Marekani, limekaa juu ya mwamba wa namna hiyo, na ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980 mifereji yake ilianza kusakafiwa na mingine kugeuzwa mabomba. Maji yasipovuja, hayaufikii mwamba.

Ziweke kichwani tofauti hizi mbili, nitazirudia kwenye barua ya nne. Penye mwamba wa chumvi, kila lita isiyozama ni chumvi iliyobaki usingizini. Pasipo na mwamba huo, ukipunguza maji yanayozama umeichelewesha chumvi tu, imejikusanya shambani ikisubiri.

Mnavyolalamika ninyi, nchi nzima imewahi kulalamika hivyo hivyo. Mkataba wa 1944 uliipa Meksiko fungu lake la maji ya mto Colorado, mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka, lakini haukuweka kipimo cha chumvi. Mwaka 1961 mradi wa umwagiliaji wa Wellton-Mohawk, Arizona, ulianza kupampu maji ya chumvi kutoka chini ya mashamba yake na kuyarudisha mtoni. Maji yaliyofika Meksiko yakapanda kutoka takriban miligramu 800 hadi karibu 1,500 kwa lita. Wakulima wa Bonde la Mexicali wakapoteza mazao, serikali zikavutana miaka 12, mpaka 1973 zikakubaliana kipimo: maji yanayovuka mpaka yasizidi chumvi ya maji ya bwawa la Imperial, upande wa Marekani, kwa zaidi ya sehemu 115 kwa milioni (karibu sawa na miligramu kwa lita), ikiruhusiwa kupishana 30 juu au chini. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kudhibiti chumvi kwenye bonde lote la mto huo. Wakajenga pia mtambo mkubwa wa kuchuja chumvi huko Yuma. Ulikamilika 1992, ukaendeshwa kidogo 1993 mpaka mafuriko yalipoharibu mfereji unaouletea maji, na tangu hapo umewashwa kwa majaribio tu. Nawatajia mtambo huu kwa sababu wawili kati yenu mmeniuliza habari za mitambo. Mnaona wenyewe.

Kilichosaidia zaidi ni ile namba. Australia nao wana yao kwa mto Murray: pale kwenye mji wa Morgan, kipimo cha chumvi kinatakiwa kiwe chini ya 800 kwa asilimia 95 ya muda. Hiyo ni mikrosimensi kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme, sawa na miligramu 500 hivi kwa lita. Kila jimbo lina daftari la kuongeza na kupunguza: ukifungua skimu mpya ya umwagiliaji inayopeleka chumvi mtoni umeandikiwa deni, ukijenga kitu kinachoizuia umepata salio.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiende kwa wenzako na majani yaliyoungua. Nenda na kipima chumvi, kile cha mkononi cha kuchovya kwenye maji. Pimeni pamoja, wao na ninyi, sehemu tatu: maji yanapoingia kwenye banio lao (geti la kuchukulia maji mtoni), mtaro wao wa kutolea maji shambani unapomwagia mtoni, na kwenu. Pimeni na wingi wa maji yanayopita kwenye mtaro, hata kwa ndoo na saa kama ni madogo. Chumvi kwa lita ikizidishwa kwa lita zinazopita ndiyo mzigo. Nimeona watu wakishangilia mtaro wao kuwa "mtamu" kumbe unamwaga maji mara kumi ya mtaro wa jirani wenye maji makali, na mzigo wao ndio mkubwa.

Na ulimi usiuamini. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huonekana mazuri. Maharage huanza kupunguza mavuno pale chumvi kwenye udongo inapozidi desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha umeme kama kile cha Morgan), ambayo ni kama miligramu 640 kwa lita. Na chumvi ya udongo huizidi ya maji yanayoumwagilia, kwa sababu mimea hunywa maji na kuiacha chumvi. Kabla ulimi wako haujakunja, maharage yameshakunja.

Fundi, muuzaji wa pembejeo ananiambia jasi inaondoa chumvi shambani. Ninunue? — Mwenye Hamu

Jasi yenyewe ni chumvi. Inasaidia udongo wa magadi tu, ule ulioshikwa na sodiamu mpaka ukawa mgumu kama tofali ukikauka na utelezi ukilowa. Kalisi ya jasi inaing'oa sodiamu na kukaa mahali pake, kisha inabidi maji yaioshe sodiamu iende chini. Iende wapi? Soma barua ya kwanza tena. Kama udongo wako una chumvi ya kawaida na maji yanapenya vizuri, utakuwa umelipa pesa kuongeza chumvi. Pima udongo kwanza, maabara itakuambia kiasi cha sodiamu.

Heshima kwako Mzee. Mimi ni katibu wa skimu ya wakulima wapatao mia mbili. Tumeambiwa mtaro wetu unachafua mto, na kuna fedha za kurekebisha. Kamati imegawanyika: nusu wanataka mfereji mkuu usakafiwe kwa zege, nusu wanataka umwagiliaji wa matone kwa kila mmoja. Tuanze na lipi? — Katibu

Katibu, anza na nondo.

Sitanii. Chukua nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na robo, mwambie fundi akukunjie mpini upande mmoja na kuchonga ncha upande wa pili. Siku moja au mbili baada ya shamba kumwagiliwa, ikandamize ardhini kwa mikono miwili, bila nyundo. Kwenye udongo uliolowa inazama kama kisu kwenye embe bivu. Ikifika pakavu inagoma. Hapo ilipogoma ndipo maji yalipofika.

Mara ya kwanza kufanya hivi nilikuwa kijana, nimetumwa na mkubwa wangu wa kazi kwenye skimu ambayo mtaro wake haukukauka mwaka mzima. Shamba lilikuwa na matuta ya urefu wa mita 240. Kichwani, karibu na mfereji, nondo ilizama yote hadi mpini ukagusa udongo, na nikahisi kabisa kwamba ingeendelea kama ingekuwa ndefu. Katikati ilizama kina cha kufika gotini tu. Mkiani iligoma kwenye kina cha kifundo cha mguu. Mwenye shamba alikuwa amesimama nami, akaitazama nondo, akaniambia, "Kumbe nalowesha kuzimu." Alikuwa anaacha maji yatiririke saa 14 ili mkia upate, na muda wote huo kichwa kilikuwa kinamwaga maji chini ya mizizi, kwenda kwenye mtaro, kwenda mtoni.

Usiku wa siku hiyo nilirudi, saa nane. Kama hujawahi kwenda skimu saa nane usiku, Katibu, hujaijua skimu yako. Sikuona mtu hata mmoja. Maji yalikuwa yanaingia kwenye matuta, yanafika mwisho, yanapasua tuta la chini, yanaanguka mtaroni. Niliyasikia kabla ya kuyaona. Watu wamelala, na siwalaumu, zamu ikikuangukia usiku unafungulia maji na kujiombea. Nikapima mtaro mchana na usiku kwa wiki moja: usiku ulikuwa unabeba zaidi ya maradufu.

Sasa swali lako. Kabla ya zege na kabla ya matone, yapo mambo yanayotaka jembe na makubaliano tu. Kateni matuta yenu marefu yawe mafupi. La mita 240 ligawanyeni mara mbili au tatu kwa kijifereji cha katikati. Sawazisheni ardhi, kwa sababu bonde dogo la sentimita tano shambani linakunywa maji ya wenzake wote. Ingizeni maji mengi kwa kasi mwanzoni ili yafike mkiani haraka, kisha punguzeni. Au yaachieni kwa vipindi: fungulia, funga, yaache yazame, fungulia tena. Ile ngozi ya juu ya tuta iliyolowa mara ya kwanza hujifunga kidogo, na maji ya mara ya pili hupita juu yake upesi zaidi bila kuzama yote kichwani. Mkiwa na uwezo chimbeni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku, ili mtu amwagilie mchana akiwa na macho. Na zamu za kalenda, kila siku ya saba uwe unahitaji au huhitaji, ndizo zinazomfanya mtu amwage kwa hofu ya kukosa. Zamu ikifuata unyevu wa udongo, hofu hiyo inapungua. Hili ni gumu kuliko zege, najua. Nilihudhuria vikao vyake.

Baada ya hapo, mfereji. Msiusakafie wote kwa sababu fedha zipo. Fungeni kipande cha mfereji pande zote mbili, kijazeni maji, simamisheni ubao wenye alama na mwangalie maji yanashuka kiasi gani kwa siku. Rudieni kipande kwa kipande. Mtakuta penye mchanga panavuja vibaya na penye mfinyanzi hapavuji sana. Zege liende penye mchanga. Jambo moja watu hulisahau: visima vifupi na miti iliyo kando ya mfereji hunywa kutokana na kuvuja huko. Mtakapoziba, kuna mtu kisima chake kitakauka. Mwambieni mapema.

Matone ni mazuri. Siyapingi, ila yanataka maji yaliyochujwa, shinikizo, na mtu wa kuziba na kuzibua kila siku, na wakulima mia mbili hamtakuwa na bidii sawa. Wapeni kwanza wenye mboga na miti ya matunda, na walioko juu ya udongo wa mchanga.

Halafu kuna mtego. Maji mtakayookoa yatawawasha mikono. Wiki hiyo hiyo mtu atasema, "Tuna maji ya ziada, tufungue hekta nyingine 50." Mkifungua, maji yaliyokuwa yarudi mtoni kuizimua chumvi yananyweka, na kama ardhi mpya ina chumvi iliyolala mmeiamsha nayo. Andikeni kwenye katiba ya skimu, kabla fedha hazijaingia, maji yaliyookolewa ni ya nani. Mimi ningeyaacha mtoni, walau sehemu. Kamati yenu mtaamua.

Wewe Fundi umeniponza. Ulisema punguzeni maji, nikaweka matone, nikapunguza hadi udongo ukawa unalowa tu juu. Msimu wa kwanza nilikusifu kwa kila mtu. Msimu wa pili matuta yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga, na mvua ndogo ya juzi badala ya kunisaidia imeua nyanya zangu siku mbili baadaye. Nifanye nini, au niandike barua nyingine ya kukutukana? — Binti wa Nyanya

Mwanangu, andika, utakuwa na haki. Nami nitakuambia kwamba kosa hilo nililifanya kabla yako, kwenye shamba la mtu, na sikuwa na kijarida cha kulaumu. Nilimbana mkulima mmoja maji mpaka mtaro wake ukakauka, nikaandika ripoti ya kujisifu. Mwaka wa tatu alinipigia simu nikatazame vitunguu vyake. Hakusema neno, alichota tu ule weupe kwa kidole na kunipaka kwenye mkono wa shati.

Mtaro wake ulikauka kwa sababu chumvi yote ilikuwa inabaki kwake. Shamba la umwagiliaji lisilotoa chumvi kabisa linakufa, polepole. Kinachotafutwa ni kutoa ile inayobidi, kwa maji machache iwezekanavyo, kwa wakati uliouchagua wewe.

Ni kiasi gani? Kuna hesabu ambayo wataalamu wa umwagiliaji wanaitumia miaka mingi, na haihitaji zaidi ya kalamu. Chukua kipimo cha chumvi cha maji yako. Kigawanye kwa hiki: mara tano ya kiwango cha chumvi ya udongo ambacho mmea wako unakivumilia, ukatoa kipimo cha maji. Tuseme maji yako ni desisimensi 1.2. Nyanya huvumilia udongo wa 2.5. Mara tano ni 12.5, toa 1.2, inabaki 11.3. Gawa 1.2 kwa 11.3, unapata 0.11 hivi. Maana yake, katika kila lita mia unazomwagilia, 11 zinapaswa kupita chini ya mizizi zikiwa zimebeba chumvi. Kwa maharage, yanayovumilia 1 tu, hesabu hiyo inakwenda 32. Kwa shayiri, inayovumilia 8, ni 3. Maji ni yale yale! Kwa hiyo anayelima maharage kwa maji yenye chumvi analazimika kuupelekea mto maji mara kumi ya anayelima shayiri, hata akiwa mwangalifu kiasi gani. Nikiulizwa njia ya kupunguza chumvi mtoni isiyozungumzwa sana, naitaja hii, kuchagua zao.

Sasa nyanya zako. Matone hulowesha udongo kama kibuyu chini ya kila tundu, na chumvi husukumwa kwenye kingo za kibuyu na juu, pale ulipoona weupe. Mizizi ikikaa katikati iko salama. Ikija mvua ndogo, inaiyeyusha chumvi ya juu na kuishusha moja kwa moja kwenye mizizi, na haina nguvu ya kuipitisha hadi chini. Ndiyo iliyoua nyanya zako. Mara nyingine wingu likianza kunyunyiza, kimbia ukafungulie matone, uyaache yaendelee mpaka mvua iwe kubwa au ikatike. Jirani atakucheka kumwagilia mvuani. Mwache acheke.

Kwa msimu ujao: usioshe kila siku kwa vijiko. Subiri mazao yakishatoka, na kama kwenu kuna msimu wa mvua nzito, iache mvua ndiyo ioshe, wewe umeshailowesha ardhi kidogo kabla ili maji ya mvua yasiishie kujaza ukavu. Mvua haina chumvi, na mto wakati huo umejaa, mzigo wako unafika mtoni ukiwa umechanganyika na maji mengi. Kama una sehemu unayomwagilia kwa matuta, usipande juu ya kilele. Panda ubavuni, karibu na njia ya maji, kwa kuwa chumvi hupanda na kukaa kileleni. Ukimwagilia mfereji mmoja na kuruka mmoja, chumvi husukumwa upande ule mkavu, mbali na mche.

Na lile la barua ya kwanza: tafuta kujua chini yako kuna nini. Kama kuna mwamba wa chumvi, asilimia 11 ni 11, usizidishe hata moja. Kama hakuna, una nafasi ya kupumua kidogo.

Fundi, tulifuata ushauri wa wataalamu, tukauondoa mtaro wetu mtoni na kuuelekeza kwenye bwawa la kukaushia maji. Mwaka wa kwanza haujaisha na bwawa limejaa ndege, wengine wanataga kwenye kingo. Wanetu wanafurahi sana. Nauliza tu kama hiyo ni dalili njema. — Mama wa Bwawani

Mama, hii barua imeninyima usingizi.

Kwanza nisifu. Kutenga chumvi na mto ni kazi njema, na mto Murray wanaifanya kwa ukubwa: wanapampu maji ya chumvi ya ardhini kabla hayajaingia mtoni na kuyapeleka kwenye mabonde ya kukaushia. Wengine wanaweka akiba mpaka mto ufurike. Kwenye mto Hunter, Australia hiyo hiyo, migodi ya makaa ya mawe na vituo vya umeme huruhusiwa kutoa maji yao ya chumvi mtoni wakati mto una maji mengi tu, kila mmoja kwa fungu lake. Wakulima nao wanaweza kupatana hivyo.

Ila maji ya mtaro hayana chumvi ya mezani peke yake. Yanaosha kila kinachoyeyuka huko chini. Huko California, maji ya mitaro ya mashamba ya Bonde la San Joaquin yalielekezwa kwenye mabwawa ya Kesterson, mahali palipokuwa pia hifadhi ya ndege. Mwaka 1983 watafiti wakaanza kukuta vifaranga vilema: wasio na macho, wenye midomo iliyopinda, wengine bila miguu. Iliyowaua ni seleniamu, iliyotoka kwenye udongo wa mashamba, ikajikusanya majini, ikaingia kwenye mimea na wadudu, na kutoka kwa wadudu ikaingia kwenye mayai. Mwaka 1986 maji yakaacha kupelekwa pale, na baadaye mabwawa yakafukiwa.

Sisemi bwawa lenu lina seleniamu. Si kila udongo unayo. Nasema chupa mbili za maji na kopo la tope la chini vipelekwe maabara wiki hii, na muulizie seleniamu, boroni na aseniki kwa majina. Ukisema tu "pimeni chumvi" watakupimia chumvi.

Wakati mnasubiri, punguzeni maji yanayofika bwawani. Mtaro upitishwe kwanza kwenye shamba la pamba au shayiri, mazao yanayoistahimili chumvi, ili bwawa lipokee mabaki ya mabaki. Angalieni pia kama bwawa linavuja. Chimbeni shimo mita 20 hivi kutoka ukingoni upande wa mto, na mpime maji yake kila mwezi. Yakianza kupanda chumvi, bwawa lenu linarudi mtoni kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu ndege, wanapenda maji ya kina kifupi na kingo za mteremko mpole wenye majani. Zichongeni kingo ziwe wima, ng'oeni majani, visiwa vidogo vya katikati viondolewe, na maji yawe na kina cha zaidi ya mita moja, au sehemu isiyofikia hapo ikaushwe kabisa. Wanaotaga sasa hivi msiwaguse mayai kwa mikono, lakini kabla ya msimu ujao wa kutaga hakikisheni hawapendi kukaa hapo. Watoto waambieni ukweli, na muwape kazi ya kupiga madebe asubuhi mpaka majibu ya maabara yarudi. Nami niandikie yakirudi, hata yakiwa mazuri.